Karani Aliyenyamaza Kuhusu Eda

Leo sokoni Koboko nimekutana na mama ambaye nimemkwepa karibu miaka thelathini.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa koti Arua. Yeye alikuwa shahidi wa kaka yake, kesi ya shamba. Siku ya kesi hakutokea.

Wakili wa kaka akasema, "Ushahidi alioandika dada yake unatosha."

Wakili wa upande wa pili akaruka. "Lazima aje mwenyewe tumuulize! Anaogopa nini?"

Haogopi kitu! Mume wake alikuwa amefariki, yuko eda, hatoki nyumbani. Mimi ndiye niliyempelekea samansi. Aliniambia, "Waambie wangoje wiki tatu tu."

Lakini karani haongei mpaka aulizwe. (Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli, niliogopa mawakili wale.)

Hakimu akayakataa maandishi yake. Shamba likaenda.

Leo nimemwomba msamaha. Akaweka kikapu chini.

"Kumbe hukusema? Mimi iko nalaumu hakimu miaka yote. Nyumbani nawaambia watoto, ile karani ilisema vizuri, hakimu ndiyo alikataa."

Akachukua kikapu, akaenda.

Jamani, mngekuwa mimi, leo mngenyamaza tena?