Nilimsingizia Mke Wangu Nikificha Pizza

Makosa ni yangu. Msinitafutie mwingine wa kulaumu, hiyo nimeshajaribu na ndiyo imenifikisha hapa.

Mimi si mtu mdogo Kitale. Nilianza na mkokoteni, nikisukuma magunia ya mahindi sokoni, shule niliiachia darasa la sita. Leo nina malori, nina nyumba ya mawe Kibomet, na kuna watu wenye digrii wananiita bosi. Kitambi changu kilikuwa kinaingia mlangoni kabla yangu, na nilikipenda, wacha niseme ukweli!

Halafu daktari akanipima. Sukari iko juu, presha iko juu, mzee punguza uzito.

Mke wangu, Mama Shiru, alilishika hilo neno kama amri ya kanisa. Mafuta ya kupikia akaficha. Ugali wa wimbi, kipande kama ngumi ya mtoto. Mboga za managu na terere, maharagwe ya kuchemsha. Asubuhi ananitoa kitandani, "Baba Shiru, amka tutembee," tunazunguka Kibomet sisi wawili kama watu waliopotelewa na ng'ombe. Na nikaanza kupungua! Suruali ikawa inanishuka.

Lakini mnajua siku hizi mtu akikonda anaambiwa nini. Siku moja niko sokoni, mfanyabiashara mwenzangu ananitazama kiuno, anacheka. "Mkubwa, vipi? Umeuza malori ama ni ule ugonjwa?" Sokoni kote wakacheka. Mimi bana! Mimi niliyemfundisha kushona gunia!

Siku hiyo hiyo nikaingia hoteli mpya ya mjini, ile wanapika pizza. Nikakaa dirishani makusudi, kila anayepita anione. Nikaagiza kubwa, nyama na jibini mpaka inamwagika pembeni. Nikala yote. Jioni nyumbani nikala tena managu yangu kwa adabu, nikapangusa mdomo, nikasema asante mama.

Moyoni nilijiambia, si iko na nyanya? Si iko na hoho na vitunguu? Hiyo ni mboga imelala juu ya chapati!

Ikawa mazoea, na kitambi kikarudi. Wakati mwingine nanunua ya kubeba, naila ndani ya pikapu kwenye barabara ya Saboti, boksi nasukuma nyuma ya kiti.

Sukari ikapanda vibaya. Kliniki sista akaniuliza, "Mzee, kwani unakula nini?" Mama Shiru yuko kando yangu, mkoba magotini. Nikasema, "Muulize huyu. Ndiye mpishi."

Sista akamgeukia mbele ya wagonjwa wote. "Mama, unataka kumuua mzee?"

Mke wangu akanitazama tu. Neno moja ningesema pale, yangeisha. Sikusema!

Tulipofika nyumbani akaniuliza polepole, "Baba Shiru, kuna mahali pengine unakula?" Nikawaka kama petroli. "Rudi kwenu Bungoma mama yako akufunze kupika!"

Mwenye kujua watu wa huko anajua hilo tusi lilimwangukia nani. Si mke. Ni mama yake. Mama Shiru akafunga nguo zake akaenda.

Haikuchukua muda wazee wa kwao wakaniita. Nikaenda kifua mbele, shati jipya. Na kabla ya kutoka Kitale nikapitia pizza, nikaimaliza njiani, ati nipate nguvu ya kesi!

Tukaketi sebuleni kwa baba mkwe. Mama mkwe alikuwa jikoni, maana kwa mila yao mimi na yeye hatukai chumba kimoja wala hatugusani. Tukikutana njiani nampisha. Lakini mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mle ndani hakuna sufuria iliyolia. Alikuwa anasikiliza.

Baba mkwe akasema, "Mkwe, hatutaki maneno mengi. Tumemwambia huyu msichana apike vile anakupikia Kitale. Wazee waonje."

Sahani zikaja. Mjomba wa mke wangu akatia mdomoni, akatafuna, akakunja uso. "Hii haina mafuta, haina chumvi. Hata kuku wangu wangenishtaki kwa chifu. Hii ndiyo imekujaza hilo tumbo?"

Wakacheka. Halafu wote wakanigeukia, wananingoja.

Jasho likanitoka. Maji nakunywa na kiu haiishi. Baba mkwe akaanza kuwa wawili machoni pangu. Nikafungua mdomo, na jamani, hata hapo nilikuwa bado naenda kudanganya! "Labda Kitale huwa anaongeza..." Sikumaliza. Sakafu ikanijia.

Nilipopata fahamu kichwa changu kilikuwa kimelazwa kwenye mapaja ya mtu, ananipangusa uso kwa leso. Mama mkwe! Mwanamke niliyemtukana, ambaye hajawahi kunigusa hata kidole tangu nimwoe binti yake.

Mzee mmoja akashtuka, "Mama, mila!"

"Mila tutatengeneza baadaye," akasema. "Leteni gari."

Gari ni pikapu yangu. Walitaka kulaza kiti nipate kujinyoosha, kiti kikakataa kurudi nyuma. Mama Shiru akatia mkono nyuma yake. Akatoa boksi. Akatoa lingine. Na lingine. Akayapanga nyasini, moja juu ya jingine, wazee wanatazama. Hakulia. Hakunitukana.

Mjomba akauliza, "Hiki ni chakula gani?"

"Sijui, mjomba," akasema. "Sijawahi kuonja."

Nililazwa hospitali. Jicho la kushoto sasa naona nalo kama kuna ukungu wa kule mlimani Kapsokwony, halitapona. Na daktari alinichoma zaidi ya sindano zake. "Nani alikukataza pizza kabisa? Kipande kimoja siku moja moja, kachumbari nyingi kando, nyingine ugawie watu wako, halafu utembee." Kumbe ningeuliza tu! Kumbe tungekula wote!

Mama Shiru hajarudi. Mama yake ametuma ujumbe kwamba hata mbuzi wa kutengeneza ile mila aliyovunja kwa kunigusa hataki kwanza. Anataka niseme kwa mdomo wangu, mbele ya wale wale wazee, kwamba binti yake alifunzwa kupika.

Naenda Jumamosi. Mimi ambaye sijawahi kuomba mtu msamaha tangu niache mkokoteni! Ndiyo maana nawaandikia nyinyi, nijaribu maneno kwanza kwa watu wasionijua.

Wanaume wenzangu, ukikonda waache wacheke. Kicheko cha sokoni kinaisha soko likifungwa. Usile kwa siri halafu umtwike mkeo sukari yako.

Nitabeba pizza moja, ndogo. Sitaikata mimi. Nitamwachia kisu Mama Shiru, aonje yeye kwanza, halafu nione kama kuna kipande changu.