Karoti Kwenye Kinu cha Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa juisi ya mboga, na sitaki mjadala. Nikitoka kukimbia nakunywa karoti, mchicha, tango na kipande cha tangawizi, bila sukari hata chembe. Wenzangu wa timu ya maveterani hapa Masasi hunicheka kwamba nakunywa chakula cha mbuzi, halafu kipindi cha pili wanashika viuno huku mimi bado natafuta mpira. Sisemi juisi peke yake ndiyo inayonibeba. Ugali nakula, maharage nakula. Lakini mtu akishatoka jasho mwili unadai kitu kibichi, na wangu unadai kwa kelele.

Mwaka mmoja tulikwenda likizo Mnyambe, kwao mke wangu, wakati timu yetu inajiandaa kucheza na maveterani wa Newala. Nilibeba blenda na mfuko mzima wa karoti. Hatujakaa sawasawa, umeme ukakatika na haukurudi. Nikavumilia, nikashindwa. Asubuhi moja nilitoka kukimbia kwenye njia za mikorosho, nikaosha karoti kwa maji ya kubania, maana kule juu mlimani maji ni ya shida, hayachezewi, nikazikatakata, nikazitia kwenye kinu pamoja na mchicha, nikaanza kutwanga.

Hapo sikufikiri. Mwanaume akitwanga uani kwa wakwe zake, anatangazia kijiji kizima kwamba mkewe hamlishi na mama mkwe anaangalia tu. Mara jirani akachungulia juu ya ua.

"Shikamoo dada," alimwamkia mama mkwe, aliyekuwa anafagia.

"Marahaba."

"Mkwe anaumwa nini, mpaka anajitwangia dawa mwenyewe?"

Mama mkwe aliacha kufagia. Aliingia ndani, ufagio bado uko mkononi.

Niliumia. Tangu nioe nilikuwa nataka kitu kimoja kwa yule mama, aniweke moyoni kama mwanawe. Kwa hiyo nilimheshimu kama tulivyolelewa kwetu Chiwata: namwamkia nimechuchumaa, macho chini, kisha naondoka. Hatukuwahi kula pamoja wala kupiga soga. Akiwa na neno nami alimpa binti yake alilete, hata kama wote watatu tuko uani na kila mtu anasikia. Na sasa nilikuwa nimemwaibisha mbele ya jirani.

Kesho yake nilirudi kutoka kukimbia nikamkuta mama mkwe ndiye yuko kwenye kinu. Karoti zangu na mchicha wangu alivitwanga vikalainika kuliko blenda inavyoweza. Nikashukuru Mungu. Kisha akavibandika jikoni. Kumbe hakuna mama wa kule atakayempa mkwe majani mabichi. Akachemsha, akatia chumvi na karanga, nikaletewa bakuli limefunikwa vizuri. Ilikuwa tamu, sisemi uongo, ila ilikuwa mboga. Nilikula yote. Siku iliyofuata ikawa vilevile, na mfuko wangu wa karoti ukawa unaishia kwenye sufuria.

"Mwambie mama asichemshe," nilimwomba mke wangu.

"Simwambii. Anaamka alfajiri kwa ajili yako. Mwambie mwenyewe."

"Nitaanzaje?"

"Kwa mdomo."

Asubuhi nilikwenda pale kwenye kinu, nikachuchumaa. "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akasubiri niondoke. Sikuondoka. Nilikuwa naogopa kweli, mimi ninayewafokea waamuzi.

"Mama, mboga yako ni nzuri sana," nilisema. "Ila ile ya asubuhi naomba iwe mbichi, ikamuliwe tu. Si kwamba hapa sishibi. Nikishakimbia, mwili wangu ndivyo unavyopenda."

Akausimamisha mchi. Nikajua nimekwisha.

"Kumbe unaongea," alisema.

Akachukua kitambaa anachochujia tui, akakamua mpaka vidole vikamgeuka rangi, akaonja, akakunja uso. "Hii ndiyo unayoipenda?"

"Ndiyo, mama."

"Basi utainywa." Akanimiminia kikombe kikajaa. Kisha akasema taratibu, haniangalii, "Miaka yote hii unakuja, unachuchumaa, unaondoka. Mimi nikasema, huyu kampenda mwanangu tu, mimi hanitaki."

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Na mimi nilikuwa nakuheshimu."

Akavuta kigoda, akakaa tukatazamana, akaniuliza mama yangu mzazi alikuwa mtu wa namna gani. Mama alikuwa ameshafariki siku nyingi. Huyu mama alikuja msibani kwetu Chiwata, akapika, akalala chini na wenzake, akarudi kwake bila kuniambia zaidi ya pole. Nikaanza kumsimulia, kikombe nimekishika sijakinywa, na machozi yakanitoka mbele ya mkwe wangu.