Huguette na Maji ya Jiwe

Ungemwona Huguette akifagia chemchemi yetu ya Katwe, ungedhani anafagia kanisa. Alikuwa mkimbizi kutoka Beni, ng'ambo ya mpaka, muuza samaki wakavu, na hakuna aliyemtuma kazi hiyo. Mimi jirani yake nilimtania kwamba ataolewa na lile jiwe linalotoa maji. Alicheka, lakini jambo moja halikuwa na mzaha kwake: maji yale hayachemshwi.

“Maji ya jiwe haipikwe, Mama Okeny,” aliniambia. “Ukiipika, inakufa. Kwetu tunamupa hata mutoto muchanga.”

Ndivyo alivyomlea mjukuu wake Ephraïm, mtoto akaharisha, tukamzika. Sasa alibaki na Blaise, mdogo wa Ephraïm, naye tumbo lilikuwa limeanza kumwendesha. Nilimfokea waziwazi. Akasema ni jicho baya la watu.

Ndipo akaja Bwana Ojera wa ofisi ya maji. Wilaya zote za bonde letu, kutoka vilima vya nje ya jiji hadi ziwani, zilikuwa zinaandaa mpango mmoja wa kulinda maji.

“Mama, maji hapana jua mpaka,” alisema. Walikuwa wamemwaga rangi ya kijani isiyo na madhara, ing'aayo juani, katika vyoo vya kilimani, wilaya nyingine kabisa. Ikitokea hapa, chemchemi itafungwa. Kwa sasa tusinywe.

Huguette akakaa chemchemini kutwa akiingoja hiyo rangi, na kesho yake tena. Maji yalitoka gizani chini ya jiwe, baridi, maangavu, yakinong'ona vilevile. Akamchotea Blaise kikombe.

“Unaona?” akaniuliza, nami nikaanza kuona aibu kwa kumsumbua.

Mchana aliniita kwa sauti nisiyoijua. Nepi nyeupe ya mtoto ilikuwa imelowa mkojo. Ndani ya nyumba ilikuwa ya kawaida tu. Alipoitoa juani, iling'aa kijani kama jani changa la mgomba. Rangi iliyokuwa kidogo mno kuonekana majini, mwili wa mtoto ulikuwa umeikusanya kwenye mkojo. Kule kilimani hatumjui mtu hata mmoja, na vyoo vyao vilikuwa vimepita ndani ya mtoto wetu. Blaise mwenyewe alikuwa anacheka.

Nikakimbia kuwasha jiko, nichemshe maji ya bomba. Niliporudi, Huguette alikuwa kwenye chemchemi, amelaza ufagio mbele ya jiwe, anawarudisha watu na madumu yao. Aliyebisha alionyeshwa nepi.

Nilimshika mkono twende nyumbani. Hakusogea. Aliyatazama maji, bado maangavu.

“Mama Okeny,” akasema polepole, “na Ephraïm? Ni mimi nilikuwa namushikia kikombe.”