Matundu Matano ya Mzee Kiprono

Kabla vita havijamwondoa Bujumbura, Léonidas Ciza alikuwa fundi cherehani. Alipofika Durban mwaka 2008 hakuwa na cherehani wala mteja. Alipata kitanda katika chumba cha watu sita kule Point, akawa analinda magari ya watu waliokwenda kuogelea. Jumapili moja mzee mrefu na mkewe walishuka garini wakibishana kwa Kiswahili kama wachukue mwavuli au wauache. Ciza alicheka bila kutaka.

"Kumbe unatusikia?" mzee akamwuliza.

"Nasikia, mzee. Mama ndiye anasema kweli. Mvua iko inakuja."

Ndivyo alivyojuana na Shem Kiprono, Mkenya mstaafu aliyefundisha hesabu chuo kikuu, na mkewe Truphosa. Mwezi haukuisha kabla Kiprono hajamtafutia kazi nyingine. Mzee alikuwa na mapenzi yake ya ajabu: kila Jumamosi alishuka bondeni, nje ya mji, kwenye uwanja wa kulenga shabaha, akaketi nyuma ya meza ya zege, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga, akapiga karatasi iliyo mita mia mbele yake. Chama chao kilihitaji mtu wa kubandika karatasi, kuzikusanya na kupima matundu.

"Aliyezoea kupima kiuno cha bibi harusi hawezi kushindwa na tundu la risasi," Kiprono aliwaambia wenzake, na Ciza akachukuliwa.

Siku ya kwanza mzee alimweleza kazi taratibu, kama alivyokuwa akieleza wanafunzi.

"Kuna siku za kundi na kuna siku za alama. Siku ya kundi napiga risasi tano kwenye shabaha moja. Hakuna anayejali zimeangukia wapi. Wewe unapima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, basi. Nne zikiingia tundu moja na ya tano ikatoroka, hizo nne haziniokoi."

"Na siku ya alama?"

"Siku ya alama karatasi ina miduara mitano, kila mmoja risasi yake. Katikati ni kumi, ukitoka nje kidogo tisa. Moja ikipotea, inapotea na alama yake tu, wenzake wanabaki na zao. Lakini hapo huwezi kujitetea kwamba zimekaa pamoja. Kila moja inaulizwa peke yake: umefika katikati?"

Kiprono alipenda kundi. Siku hizo alirekebisha darubini ya bunduki kwa makusudi ili risasi ziangukie kando kidogo ya alama ya katikati, zisije zikaila akakosa pa kulenga. Ciza alijifunza kuipenda kazi hiyo. Alipima kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, yenye lenzi, na hakuwahi kumpendelea mtu, hata mzee wake. Jioni Kiprono alimshusha Cato Manor, alikohamia, na mara nyingi waliendelea kuzungumza garini hata baada ya injini kuzimwa. Ciza hakuwa na ndugu mjini. Kwa Truphosa ndiko alikokula Krismasi miaka minne mfululizo.

Julai 2012 palikuwa na shindano la alama. Asubuhi Ciza mwenyewe alimwambia mzee, "Leo ni alama," na mzee akaitikia. Karatasi ziliporudi kutoka mstari wa shabaha, Ciza aliitazama ya Kiprono akadhani amechukua ya mtu mwingine. Miduara minne ilikuwa safi, haijaguswa. Kwenye wa tano palikuwa na tundu moja, kando kidogo ya katikati, limetanuka kama kitundu cha kifungo.

Aliliweka chini ya lenzi. Zilikuwa risasi tano. Alipima mara tatu: milimita tatu kamili. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kupima kundi dogo kiasi hicho, la mzee wala la mtu yeyote. Kisha akaandika kilichopaswa kuandikwa: tisa kati ya hamsini.

Watu walicheka, naye Kiprono akacheka nao. "Uzee huo," alisema. Lakini njiani kurudi mjini aliuliza, "Nimekuwa wa ngapi, Ciza?" Ciza akamweleza. Walipofika kwenye robot ya pili, taa za barabarani, akauliza tena, kwa sauti ileile, "Nimekuwa wa ngapi?"

Ciza hakusema neno kwa mtu. Alianza kumsaidia kwa siri. Alimwandikia kwenye kikaratasi, KUNDI au ALAMA, akakibandika juu ya meza yake. Alimkumbusha kutazama vibendera vya upepo. Mwaka mzima ukapita hivyo, na watu wakamsifu mzee kwamba amerudi.

Sheria ya uwanja ilikuwa moja isiyo na mzaha: watu wakienda mbele kubadilisha karatasi, kila bunduki inatolewa bolti, kile chuma kinachofungia risasi ndani, na hakuna anayekaa mezani. Jumamosi moja ya Septemba 2013 Ciza alikuwa mbele peke yake akibandika karatasi ya mwisho. Msimamizi alikuwa amegeuka kumimina chai. Ciza alipogeuka kurudi, alimwona mzee amekaa mezani, shavu juu ya bunduki, mdomo wa bunduki ukimtazama yeye.

Hakukimbia. Alitembea mita mia zile akihesabu hatua, maana aliogopa kumshtua. Alipofika aliweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, akavuta bolti. Risasi ikadondoka mezani.

"Leo ni kundi au alama?" Kiprono akamwuliza kwa upole.

Jioni ile Ciza alimfuata Truphosa jikoni, akamwambia yote, tangu lile tundu moja. Truphosa aliendelea kumenya viazi mpaka alipomaliza.

"Nilijua," alisema mwishowe. "Chumvi anaweka kwenye friji. Nilidhani pale uwanjani bado ni mzima. Kwa nini hukuniambia mwaka mzima, Ciza?"

"Niliogopa watamfukuza, mama."

"Sasa kawaambie wewe. Mimi siwezi kumnyang'anya kwa mkono wangu."

Akaenda. Chama kikamwandikia Kiprono barua ya heshima, na bunduki ikarudishwa dukani. Kwa bahati mbaya, siku barua ilipofika akili ya mzee ilikuwa imetulia, akaelewa kila neno. Ciza alipokwenda kumsalimu, alimkuta amesimama mlangoni.

"Ni wewe uliyesema?"

"Ni mimi, mzee."

"Nilikutoa barabarani," Kiprono alisema, kisha akafunga mlango.

Mwaka 2014 wakarudi Kenya, Eldoret kwa watoto wao. Ciza hakwenda kuwaaga. Alifika mpaka kona ya mtaa wao, akaona masanduku yakipakiwa na mzee ameshikwa mkono kuingizwa garini, akarudi alikotoka.

Aprili 2015 wageni wengi kutoka nchi nyingine walishambuliwa na kufukuzwa vyumbani mwao Durban, Ciza akiwamo. Alikuwa kwenye mahema waliyopewa huko Chatsworth, amekalia begi lake, simu ilipolia. Alikuwa Truphosa. Alikuwa ameona habari kwenye televisheni.

"Uko salama?"

"Niko, mama. Chumba kimekwenda, mimi niko. Mzee je?"

"Tulimzika Februari. Namba yako ilikuwa kwenye simu yake, nikachelewa kuipata. Nisamehe."

Ciza alisimama, akatoka nje ya hema. Watoto wa Wakongo walikuwa wakipanga foleni ya uji. Aliuliza swali alilokaa nalo mwaka mmoja na nusu.

"Alinisamehe, mama?"

"Sitakudanganya," Truphosa alisema. "Nikikuambia alikusamehe nitakuwa nimetunga. Alikusahau, Ciza. Alikuwa amenisahau hata mimi."

"Ndiyo, mama."

"Lakini mimi sijasahau. Wewe ulikuwa mbele ya ile bunduki."

Truphosa hakukata simu. Alingoja upande wa pili, Eldoret, wakati Ciza akilia katikati ya watu wasiomjua, uso kwenye turubai la hema, simu bado sikioni.