Kopo la Mvua la Uroa

Wiki iliyopita mvua ilinishika nikitoka sokoni Darajani, nikajibanza kwenye baraza ya duka moja Mkunazini. Nilikuta wageni wawili, mtu na mkewe, wanabishana: wakalale pwani ya mashariki au wabaki mjini, upande upi mvua ni chache? Mwenye duka akawaambia, "Sawa tu, kisiwa chenyewe hiki kidogo." Nilitaka kutua kikapu nimkaripie. Sawa? Nani kakwambia sawa? Mimi, msomaji wangu, niliikosa Ramadhani nzima ya huko mashariki kwa ajili ya swali hilohilo, na hasira zake hazijanitoka mpaka leo.

Aliyekulia Unguja anajua. Huku magharibi masika hunyesha kama yana ugomvi na mtu. Nyumba zetu za mawe hutoka majimaji kutani, chokaa hubanduka, na nguo hukaa kambani siku tatu na bado zinanuka ubichi. Kule Uroa, pwani ya mashariki, wingu hupita, likaacha manyunyu, na mawe yakayanywa kabla hujamaliza kuanua dagaa. Nilijua hayo kwa miguu yangu, kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa Uroa, na alipofariki, likizo zangu zote nilizimalizia huko kwa mama yake.

Bibi huyo nilimpenda kupita kiasi. Alikuwa na mikono migumu ya kusuka kamba za usumba wa nazi, na kwa ule utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzake. Aliniahidi kwamba nikifika umri wa kufunga mwezi mzima, nitafunga kwake. Tutaamka pamoja kula daku, mchana tutalala chini ya upepo wa pwani, na jioni atanipikia muhogo wa nazi na pweza, na uji wa pilipili manga ule unaowasha koo. Mwaka huo ukafika, mwishoni mwa miaka ya themanini. Ramadhani iliangukia masika na shule zilifungwa.

Baba akakataa. Alikuwa fundi saa, mtu wa kupima kila kitu, na mimi nilikuwa na pumu.

"Shamba saa hizi kunanyesha," alisema. "Nyumba ya makuti, unyevu mtupu. Kifua chako hakiwezi."

"Lakini, baba, Uroa hakunyeshi kama hapa."

"Nani kapima?"

Laiti angejua alichokianzisha. Muhula uleule mwalimu wetu wa jiografia alikuwa ametufundisha kupima mvua kwa kopo na rula. Weka mahali pa wazi, alisema, mbali na ukuta na mti, usome kila asubuhi, umwage, uanze upya. Nilitafuta makopo mawili ya maziwa ya unga yanayolingana. Baba, kwa kuwa ni kipimo, akaingia mtegoni. Tukapatana: wiki mbili za mwisho za Shaabani, moja litakaa juu ya paa letu, jingine Uroa. Uroa wakipata mvua kidogo kuliko sisi, nakwenda. Wakipata nyingi, nabaki, na asisikie tena neno.

Kopo la pili nilimpa mjomba wangu, aliyekuwa akikaa na Bibi na kuja mjini kila Ijumaa kuuza pweza mkavu. Nikamshika mkono nikamwapisha. "Mjomba, Bibi usimwambie ya nini. Nsije nikaambiwa tumefanya ujanja." Nilikuwa mtoto mwaminifu mno, na uaminifu huo ndio unaoniudhi zaidi nikiukumbuka.

Kwetu nilipima kwa haki. Kila asubuhi nilipanda ngazi za mbao hadi juu, miguu mitupu, nikachutama na rula yangu huku kunguru wakinipigia kelele. Nilifurahia kila tone. Majirani walilalamika kuta zao zinavuja, mimi nikawa naomba izidi. Baba alipanda mara mbili kuhakikisha, akatikisa kichwa. Nilishaanza kufunga nguo zangu ndani ya kanga.

Ijumaa ya mwisho mjomba akaja na karatasi yake. Baba aliivalia kile kioo chake cha jichoni, kana kwamba ni saa iliyosimama. Sisi, sentimita kumi na moja. Uroa, kumi na nne.

"Haiwezekani," nilisema.

"Hata mie nilistaajabu," mjomba alisema. "Ardhi naiona kavu, kopo lina maji. Lakini nimeandika nilichokikuta."

Nilimkimbilia mwalimu wangu hadi kwake, akanisikiliza, akaniambia kopo halijui kusema uongo. Baba akasema kipimo nilikitaka mwenyewe. Basi nikafunga mwezi mzima mjini, ndani ya nyumba yenye ukungu ukutani, nikakohoa kila alfajiri, na hakuna aliyeona kichekesho chake isipokuwa mimi.

Siku ya Idi pili tukenda Uroa. Bibi alinipokea kwa vigelegele, na kabla sijamaliza kumpa shikamoo, akanivuta jikoni.

"Mke mwenzangu, hao watu wenu wa mjini wamekoma?" aliniuliza, anacheka hadi anashika mbavu. "Nlimuuliza mjomba'ko kopo la nini, akasema mjini wanataka kujua kama huku kwetu mvua inanyesha. Wametuona sisi watu wa ukame! Nkawa naamka kabla yake, natia kopo nusu kata ya maji. Siku nyengine kata nzima."

Maji yale aliyateka kisimani na kuyabeba kichwani, njia ya mawe matupu. Nililia kwa hasira, nikamwambia yote: mapatano, baba, futari niliyoikosa. Kicheko kikamkatika. Nyuma yake, juu ya kamba, niliona mkeka mpya wa rangi, saizi yangu, bado umekunjwa. Alikaa juu ya mbuzi akaanza kukuna nazi, na nazi ilipokwisha aliendelea kukuna kifuu.

Hakuifikia Ramadhani iliyofuata. Mjomba alihamia Fumba, makuti yakaporomoka, kiwanja kikauzwa, na kile kisima walichokuwa wakipigia soga wanawake kimefunikwa kwa zege ndani ya ukuta wa hoteli. Wageni wanalala pale sasa. Muhogo wa nazi naupika mwenyewe, na kila mwaka nauonja nauona una kasoro.

Lakini kinachoniuma hasa ni alichoniambia siku ile tulipokuwa tunaondoka. Baba alishawasha gari. Bibi alikuja dirishani akanishika uso kwa mikono miwili, mikavu, yenye harufu ya nazi.

"Mbona hamkunambia?" aliniuliza. "Mngelinambia, ningeliyamwaga maji yote. Hata ya Mungu ningeliyamwaga."