Hodi ya Tumboni

Daktari anayesomea mimba zenye matatizo hagusi tumbo la mtu kabla ya kubisha hodi. Huipasha moto jeli ya kipimo viganjani, huinama, kisha huita: "Hodi humo ndani!" Wakunga mbavu hawana.

Juzi alikuwa kwenye usaili wa masomo ya ng'ambo, jopo zima limemkodolea macho kwenye kompyuta, mkunga mkuu alipochungulia. "Mwanangu, mama wa chumba cha pili hamsikii mtoto akicheza." Akachomoka bila kuaga, milango akaiacha wazi. Jopo likasikia hodi, mikwaruzo ya kipimo kikitafuta, halafu moyo mdogo ukidunda mbio mashineni. Aliporudi akihema, radhi iko mdomoni, mzee wa jopo akamuwahi:

"Enhe, amekujibuje?"

"Amesema karibu," akacheka, "ila amenipa mgongo."