Siku Nilipomsalimu Mama Mkwe Mnadani

Watu wa Mtinko bado wananiita "Mtangazaji", na wajukuu zangu wakilisikia jina hilo hudhani niliwahi kufanya kazi redioni, nami kwa miaka mingi niliwaacha wadhani hivyo kwa sababu ilinipendeza. Sasa nimezeeka na aibu imepoa kidogo, acheni niseme kweli: jina hilo nililipata mnadani, mbele ya watu na ng'ombe, siku nilipofanya jambo ambalo hata mwendawazimu wa kwetu asingelifanya.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Redio yetu ilikuwa moja tu, ya baraza, imefungiwa kabatini na ufunguo uko mfukoni mwa karani. Aliifungua alasiri, sisi vijana tukiwa machungani au shambani, kwa hiyo waliosikiliza ni wazee, na walichosikiliza ni kuogesha ng'ombe, kupunguza ng'ombe, kulipa kodi, kisha kuogesha ng'ombe tena. Jioni tukirudi tunakuta kabati limefungwa. Sisi tulitaka muziki wa dansi, tulitaka habari, na zaidi ya yote tulitaka zile salamu, mtangazaji anapotaja jina zima la mtu, la kwake na la baba yake, mpaka unajisikia wivu kwamba si wewe. Tulizisikia kwa kuibia tu, tukienda Singida mjini, nje ya duka moja (mwenye duka akiona hatununui kitu alikuwa anapunguza sauti, makusudi kabisa).

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari, najua kuiga watangazaji, na najiona. Tena nilikuwa mchumba wa Zaituni, binti wa mzee Ntandu, na ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaanza kwenda. Na kwetu, ng'ombe wakishaanza kwenda, mama wa binti humtaji jina. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite, naye anajifunika kanga usoni. Baba wa binti anaweza kurudisha ng'ombe wote kwa kosa hilo, na hakuna atakayemlaumu.

Basi siku moja ya mnada likaja gari la redio kutoka Dar es Salaam, lina spika juu kama pembe kubwa, na bwana mmoja mwenye tai akasema ametumwa kuuliza wasikilizaji wanapenda nini. Karani alikuwa ameshawapanga wazee kwenye viti, na kila mzee akasimama akasema vipindi ni vizuri, hasa kile cha kuogesha ng'ombe.

"Na vijana je?" akauliza yule bwana.

"Hawa hawana neno, bwana," karani akadakia. "Hawa ni ngoma tu."

Hango, rafiki yangu, akanisukuma mgongoni. "Nenda wewe uliyesoma! Au Kiingereza chako ni cha kututishia sisi tu?"

Hapo nilitakiwa kusema neno moja, tufungulieni redio jioni, nikarudi zangu. Lakini nilipoishika ile maikrofoni nikasikia sauti yangu inatoka juu ya gari, nene, kubwa, si yangu, nikaona kusema peke yake hakutoshi, bora niwaonyeshe. Nikakohoa kidogo (kama wao) nikaanza: "Hii ni salamu kutoka Mtinko! Namsalimu Hango, bingwa wa kukimbia jembe!" Vijana wakapiga mayowe. Nikamsalimu fundi baiskeli, nikamsalimu muuza viazi, kila jina linapokelewa kwa vigelegele, na macho yangu yanatembea tu kwenye umati, nikimwona mtu, mdomo unamtaja, na sikusimama kufikiri ninamtazama nani.

"Na salamu za pekee zimwendee Mwajuma, mke wa mzee Ntandu!"

Vigelegele vikakatika, hata dalali akaacha kunadi. Nikamwona mama mkwe wangu anaivuta kanga usoni mpaka kidevuni, nikamwona Zaituni pembeni yake ameshika mdomo.

Mkwe akikutana na mkwe anaingia porini, nami nikaingia, kwa mbio, ila maikrofoni ilikuwa bado mkononi na waya umenizunguka mguu. Spika ikalia mlio ambao sijausikia tena maishani. Ng'ombe wa mnada wakakata kamba, fahali mmoja akapita katikati ya viazi, wenye viazi wakapita juu ya wenye vyungu, nami nikaanguka kifudifudi kwenye mavi mabichi, nikajinasua, nikakimbia bila kugeuka mpaka vichakani. Kutoka huko nilimsikia Hango akipiga kelele, "Mtangazaji! Kipindi hakijaisha!"

Kweli hakikuwa kimeisha. Zaituni, niliyemwacha peke yake na aibu yangu, aliiokota ile maikrofoni mavumbini.

"Shikamooni wazee wangu," nilisikia sauti yake ikipita juu ya vichaka. "Yule aliyekimbia alitaka kusema hivi. Redio ifunguliwe jioni, tukiwa tumerudi. Tunataka nyimbo na salamu na habari. Na msituambie tu la kufanya kila siku. Mtuulize na sisi."

Yule bwana akamgeukia karani mbele ya wote, akamuuliza ufunguo unakaa wapi. Jumamosi ya wiki ile ile kabati lilifunguliwa jua likizama, vijana wakacheza dansi mpaka vumbi likawazidi.

Mimi sikucheza. Siku hiyo nilikuwa uani kwa mzee Ntandu na baba yangu na mbuzi wa kuombea radhi, nimeinamisha kichwa, nasubiri kuambiwa nichukue ng'ombe wangu. Mzee Ntandu hakunitazama. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, na maneno yake yalipitia kwa mumewe kama desturi ilivyo, ingawa tulikuwa tunamsikia wote.

"Mwulize," akasema, "lile jina lilifika mpaka kisimani?"

"Lilifika, mzee," nikamjibu mumewe kwa sauti ya panya.

"Tangu nizae mimi ni Mama Zaituni tu," akasema. "Nilikuwa sijui kama jina langu ni kubwa kiasi hicho." Kisha akacheka, mzee Ntandu naye akashindwa kujizuia. "Mbuzi apokewe. Na wanawake nao waende kusikiliza hiyo redio."

Tukaoana baada ya mavuno. Watu walinisifu mimi kwa kufunguliwa redio, nami nilizipokea sifa, na hilo linaniuma kuliko yale mavi, kwa sababu aliyesema ni Zaituni, mimi nilikuwa kichakani. Wajukuu, mkisikia tena naitwa Mtangazaji, jueni nilikuwa natangaza salamu tu. Habari alitangaza bibi yenu. Na tangu siku ile sishiki maikrofoni, hata harusini, kabla sijamwuliza mtu kwanza: mama mkwe yuko upande gani?